Je, mji wako unaweza kuimudu timu ya Ligi Kuu? Mwongozo kamili wa kupima soko, kwa mifano ya Mbeya na Iringa

Kila timu ya Nyanda za Juu Kusini inapokaribia kupanda daraja, kamati hukaa na kuandika andiko la kuomba udhamini. Ukurasa wa kwanza huwa uleule: mkoa una watu kadhaa, tuseme mmoja kati ya kumi atakuja uwanjani, tiketi ni elfu tano, zidisha. Jumla inakuwa kubwa hadi inapendeza machoni. Mdhamini anaisoma, anaguna, anasema atapiga simu. Timu inapanda bila hela, na msimu haujafika katikati wachezaji wameanza kudai mishahara.

Nimewahi kukaa kwenye kamati ya namna hiyo. Tulizidisha kama wengine, tukashona jezi, tukasajili. Ilipofika Februari tulikuwa tunachangishana mafuta ya basi kwenye kundi la WhatsApp, elfu tano tano, huku kocha akisubiri kwenye simu. Ninayoandika hapa ndiyo ningeyafanya kabla ya kushona jezi hata moja.

Kazi hii inachukua wiki nane hadi kumi. Haihitaji mtaalamu kutoka Dar. Inahitaji watu wanaoamka mapema na wasioogopa kuandika namba ndogo.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari gumu la kurasa nyingi na kalamu za risasi. Kalamu ya wino haifai, nitaeleza sababu.
- Watu sita hadi wanane wa kuhesabu. Wasiwe viongozi wa timu wala jamaa zao.
- Takwimu za Sensa ya 2022 kwa kata, si kwa mkoa.
- Ratiba ya ligi ya msimu uliopita na kanuni za ligi za msimu unaokuja.
- Mchanganuo wa mapato ya mlangoni wa angalau mechi tatu. Timu yoyote iliyocheza kwenye uwanja wenu inao. Omba kwa heshima, ukihakikisha kwamba hautatangazwa.
- Simu au kompyuta yenye programu ya majedwali.
- Akaunti ya benki ya klabu yenye watia saini watatu, pamoja na namba ya kulipia iliyosajiliwa kwa jina la klabu.

Kama hicho cha mwisho hakipo, anza nacho leo. Bila hicho Hatua ya 7 haifanyiki, na Hatua ya 7 ndiyo inayotoa jibu.

## Hatua ya 1: Chora mpaka wa soko kwa saa ya kurudi nyumbani

Sahau mpaka wa mkoa. Mkoa wa Mbeya ulihesabiwa watu 2,343,754 mwaka 2022, lakini Jiji la Mbeya peke yake lilikuwa na watu 541,603. Tofauti hiyo, watu zaidi ya milioni moja na laki nane, ndiyo inayotudanganya. Wapo Kyela, wapo Chunya, wapo Mbarali. Wanaipenda timu, ila hawawezi kuja Jumatano.

Mechi ya saa 10 jioni inamalizika karibu saa 12. Chukua simu, fungua ramani, kisha jiulize: mtu akitoka uwanjani saa 12, anapata gari la kumfikisha kwake kabla ya saa 2 usiku, na nauli yake ni kiasi gani? Kwa uwanja wa Sokoine utapata duara tatu:

Duara la ndani. Anayekuja kwa mguu, kwa daladala moja au kwa bajaji. Huyu ni mteja wa kila mechi.

Duara la kati. Uyole upande mmoja na Mbalizi upande wa pili. Wanakuja, lakini nauli ya kwenda na kurudi inaingia kwenye bei ya tiketi yao. Ukiweka kiingilio elfu tatu, kwake mechi ni zaidi ya elfu tatu.

Duara la nje. Tukuyu, Vwawa, Chimala, kila mahali panapohitaji Kosta na saa nzima au zaidi barabarani. Hawa waandike kwa mechi mbili au tatu tu kwa msimu.

Iringa ni hivyohivyo, tena kwa ukali zaidi. Manispaa ilikuwa na watu 202,490 kwenye sensa hiyo. Uwanja wa Samora uko mjini kabisa, jambo linalosaidia sana mtu wa Kihesa au Mlandege, lakini wa Mafinga ana karibu kilomita 80 za kurudi.

Umemaliza hatua hii ukiwa na karatasi moja yenye majina ya kata, idadi ya watu na nauli ya kwenda na kurudi. Kama karatasi yako ina jina la wilaya nzima, rudia.

## Hatua ya 2: Hesabu watu siku ambayo hakuna Simba wala Yanga

Hapa ndipo karibu kila kamati huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Simba au Yanga akija Mbeya, mji unasimama. Jezi nyekundu na za kijani zinauzwa soko la Mwanjelwa tangu Ijumaa, nyumba za wageni zinajaa, na Sokoine inafurika. Ukiangalia picha ya siku hiyo utaapa kwamba soko lipo. Soko lipo kweli, ila ni la Simba na Yanga. Limekuja kwenu kama mgeni, nalo linaondoka na basi lao.

Ligi ya timu 16 ina mechi 30, na 15 kati ya hizo ni za nyumbani. Toa mbili za wakubwa hao. Zinabaki 13, na hizo 13 ndizo zinazolisha timu. Kwa hiyo hesabu hizo tu.

Chagua mechi nne za timu yoyote inayotumia uwanja wenu: mbili za mwisho wa wiki, mbili za katikati ya wiki. Moja kati ya hizo nne lazima iwe siku ya mvua. Weka watu wawili kila lango, saa moja na nusu kabla ya mechi hadi dakika ya ishirini ya kipindi cha kwanza. Kila anayeingia ni mstari mmoja kwenye daftari, na wa tano unakata ile minne. Hapo ndipo utajua sababu ya kalamu ya risasi: mvua ya Machi ikigusa wino, daftari linabaki na madoa ya bluu na hesabu ya siku nzima imekwenda.

Gawa ukurasa katika safu tatu:

- aliyelipa,
- aliyeingia na kadi au mwaliko,
- aliyeshikwa mkono, yaani aliyeingia bure kwa kujuana.

Safu ya tatu itakushtua. Siku moja nilihesabu langoni na kijana wa chuo. Katika nusu saa ya mwisho kabla ya mpira kuanza, safu ya tatu ilikuwa inakimbia kuliko ya kwanza. Hawakuwa watu wabaya: askari na ndugu yake, fundi wa uwanja na watoto wa jirani, mjumbe na wageni wake wanne. Kila mmoja anaona ni mtu mmoja tu.

Baada ya kuhesabu, ingia ndani uongee na watu. Usiwape fomu. Kaa nao. Nilimkuta mzee mmoja kwenye mzunguko, yaani sehemu ya kiingilio cha chini, amejifunika koti la baridi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo umekuja kuishangilia timu yetu?"

"Nimekuja kuwaona hawa wageni. Wiki ijayo wanacheza na Yanga, nataka nijue wakoje."

Alilipa kiingilio, amekaa kwenye mvua, na bado si shabiki wa timu ya nyumbani. Muulize kila unayekaa naye maswali mawili tu: timu yako ya kwanza ni ipi, na mara ya mwisho ulilipa lini kuingia hapa. Watu hamsini kwa mechi wanatosha.

Siku hiyohiyo tuma mtu mmoja azunguke kwenye vibanda umiza vya karibu na uwanja. Huko mtu analipa kidogo, anakaa pakavu, anaona mechi mbili mfululizo, na nyingine ni ya Ulaya. Kibanda umiza ndicho mshindani wako kuliko timu yoyote. Andika watu wangapi walikuwa ndani wakati timu ya mji inacheza mita mia tano kutoka hapo.

Onyo: usitumie idadi inayotajwa redioni wala inayotangazwa na msemaji. Tumia mistari ya daftari lako.

Mwisho wa hatua hii unapaswa kuwa na namba moja: wastani wa waliolipa katika mechi nne za wageni wa kawaida. Ikiwa ndogo kuliko ulivyotarajia, usiipandishe. Ndogo lakini ya kweli itakufaa kuliko kubwa ya kubuni.

## Hatua ya 3: Linganisha ratiba ya ligi na ratiba ya pesa

Mji wa Nyanda za Juu Kusini haupati pesa kwa mwezi kama Dar. Unapata kwa mavuno. Chora mstari wa miezi kumi na miwili, kisha andika juu yake pesa inapoingia na inapotoka.

Mahindi na mpunga yanavunwa kuanzia katikati ya mwaka. Mbozi wanaanza kuchuma kahawa kipindi hichohicho. Sasa tazama ligi iko wapi: imefungwa. Msimu unaisha Mei au Juni na kuanza tena Agosti au Septemba. Pesa ya mavuno inapita mjini wakati wewe huna mechi ya kuuza.

Halafu tazama Januari hadi Machi. Ada za shule, mbolea, chakula kupanda bei, mvua kila siku. Ndio wakati ratiba imejaa mechi.

Niliwahi kumuuliza mama mmoja anayeuza viazi Mwanjelwa kama anaweza kulipa elfu tatu kuona mpira. Alijibu bila kuacha kupanga sado zake: "Mwezi wa saba nitakulipia mwaka mzima, baba. Mwezi wa pili usinisogelee." Sijapata maelezo bora ya soko la Mbeya kuliko hayo. Maana yake kwa vitendo ni kwamba kadi za msimu ziuzwe Julai na Agosti, mkononi kukiwa na kitu, na viingilio vya Januari hadi Machi viwe vya chini.

Ongeza wanafunzi. Mbeya kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pamoja na vyuo vingine. Iringa kuna Mkwawa, Ruaha na Chuo Kikuu cha Iringa. Hawa ni wateja wazuri wa katikati ya wiki, wapo karibu na wanakuja kwa makundi. Lakini likizo ikifika mabweni yanakuwa matupu, kwa hiyo usiwahesabu kwa miezi kumi na miwili.

## Hatua ya 4: Fuata shilingi kutoka mlangoni hadi kwenye akaunti

Kiingilio si mapato. Chukua mchanganuo ulioombwa mwanzoni na uufuate mstari kwa mstari. Nitaonyesha kwa mfano. Namba ni za kufundishia, wewe weka zako.

Tuseme wamelipa watu 1,200: elfu moja mzunguko kwa shilingi 3,000, na mia mbili jukwaa kuu kwa 5,000. Jumla ni milioni 4 kamili.

Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 iko ndani ya bei hiyo. Usipige asilimia 18 ya milioni 4, hilo ni kosa la kawaida. Gawanya milioni 4 kwa 118, zidisha kwa 18. Unapata 610,169. Inabaki 3,389,831.

Kisha makato: uwanja, wanaosimamia ligi, chama cha mkoa, mfumo wa tiketi. Viwango vinabadilika, soma kanuni za msimu husika. Kwa mfano wetu tuseme yote kwa pamoja ni asilimia 30, yaani 1,016,949. Inabaki 2,372,882.

Bado hujafika. Kuna gari la wagonjwa, walinzi, chokaa ya kuchorea uwanja, maji, vijana wa kuokota mipira, posho za wasimamizi wa milango. Tuseme laki tisa. Kilichoingia kwenye akaunti ni 1,472,882.

Watu 1,200 wamelipa milioni 4, na timu imepata milioni moja na nusu kasoro. Zidisha kwa mechi 13 za kawaida: kama milioni 19.1 kwa msimu mzima.

Sokoine na Samora vyote ni viwanja vya CCM, si vya klabu. Maana yake mabango ya kudumu, vibanda vya chakula na maegesho huenda yasiwe yako kuyauza. Uliza mapema na upate jibu kwa maandishi. Mdhamini aliyeahidiwa bango kisha akakuta ukuta una bango la mtu mwingine harudi.

## Hatua ya 5: Hesabu barabara

Tulioko huku tuko mbali na karibu kila mtu. Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na Kagera ni zaidi ya elfu moja. Timu ya Dar inaweza kucheza mechi kadhaa za ugenini kwa daladala. Sisi hatuna bahati hiyo.

Fanya hesabu ya safari moja ya Dar. Msafara wa watu 28, vyumba 14 vya shilingi 35,000 kwa usiku tatu: 1,470,000. Chakula cha shilingi 25,000 kwa mtu kwa siku nne: 2,800,000. Basi na mafuta, tuseme 3,500,000. Jumla 7,770,000.

Rudi kwenye Hatua ya 4. Mechi moja ya nyumbani ilileta 1,472,882. Safari moja ya Dar imekula mapato ya mechi tano za nyumbani na chenji. Na una mechi 15 za ugenini.

Ndiyo sababu ratiba inapotoka, kazi ya kwanza ya katibu iwe kutafuta safari zinazounganika: Dar na pwani kwa mkupuo mmoja, Kanda ya Ziwa kwa mkupuo mwingine. Ndege kutoka Songwe, uwanja uliofunguliwa mwishoni mwa 2012, ni nafuu kwa miguu ya wachezaji lakini si kwa mfuko. Iweke kwenye bajeti kwa mechi zile tu ambazo muda hauruhusu kwenda kwa basi.

Utajua umefanya sawa ukiwa na mistari 15, kila mechi ya ugenini na gharama yake, bila kuandika "safari" kwa jumla.

## Hatua ya 6: Tenganisha pesa inayobaki na pesa inayopita

Mkataba wa matangazo ya televisheni kati ya Azam Media na TFF, shirikisho la soka nchini, uliosainiwa 2021, ni wa miaka kumi na thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kamati nyingi huchukua namba hiyo, zikagawanya kwa kumi, kisha kwa kumi na sita, zikashangilia. Mgawo hauko hivyo. Tumia kiasi ambacho timu ya nafasi ya 12 hadi 16 ilipokea msimu uliopita, kwa sababu timu iliyopanda juzi inapaswa kukaa kimya na kujipanga kwa nafasi hizo.

Andika pesa hii kwenye ukurasa wake. Ni halali na inasaidia sana, lakini ni pesa ya daraja, si ya mji. Ukishuka, inabaki Ligi Kuu. Huku kwetu wanaoshuka haraka si wachache: Njombe Mji ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18 ikashuka palepale, Mbeya Kwanza ikawa hivyo 2021/22, KenGold 2024/25. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF 2019, ikafungwa 1-0 na Azam FC, na msimu uliofuata ikashuka.

Fanya vivyo hivyo kwa pesa ya mwenye nayo mmoja. Ihefu ilitoka Ubaruku, Mbarali, ikaifunga Yanga 2-1 Novemba 2022 na kukata mfululizo wao wa mechi 49 bila kupoteza. Nchi nzima ilijifunza kutamka jina lile. Mwaka 2024 timu ilihamia Singida na kubadilishwa jina. Mashabiki wa Ubaruku hawakukosea chochote. Kilichowakosesha timu ni kwamba uamuzi haukuwa mikononi mwao.

Tanzania Prisons ina Jeshi la Magereza nyuma yake. Mbeya City, iliyoanzishwa 2011 na kushika nafasi ya tatu msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, ilianzishwa na halmashauri ya jiji. Kama timu yako ina taasisi kama hiyo, shukuru, lakini uliza: fungu hili linapitishwa na nani, na kila baada ya muda gani?

Kuhusu wadhamini wa mji wenyewe, wapelekee daftari la Hatua ya 2, usiwapelekee mapenzi ya mkoa. Muuza pembejeo anataka kuonekana na wakulima Oktoba hadi Desemba, kabla ya kupanda. Mwenye mabasi anataka watu wa duara la nje. Mwambie kila mmoja ni mechi zipi zinaangukia msimu wake na ni watu wangapi walilipa mechi kama hizo. Mdhamini mdogo aliyesaini mhesabu. Aliyesema "tupo pamoja" mwandike sifuri.

## Hatua ya 7: Waombe watu walipe kabla

Watu wa hoki ya barafu kule Amerika Kaskazini wamelifanya hili mara nyingi, na inafaa kuwaiga. Mwaka 2011 mji wa Winnipeg, Kanada, wenye watu chini ya laki nane, uliwekewa sharti la kuuza kadi 13,000 za msimu ili timu iliyokuwa Atlanta ihamie kwao. Ziliisha ndani ya siku nne, na walionunua walijifunga kwa miaka kadhaa. Atlanta, mji mkubwa wenye watu zaidi ya milioni tano pamoja na vitongoji vyake, ilikuwa inapoteza timu ya hoki kwa mara ya pili. Ya kwanza iliondoka 1980. Las Vegas nao, mwaka 2015, walikusanya vianzio vya kadi zaidi ya 10,000 kabla hata ya kupewa timu.

Idadi ya watu wa Atlanta haikuwa na uongo wowote. Ila waliokuwa tayari kutoa hela walikuwa Winnipeg.

Kwa Mbeya au Iringa fanya hivi:

Kwanza, weka bei ya kadi ya mechi 13 za kawaida, bila Simba na Yanga. Ukiziingiza hizo mbili, watu watanunua kadi kwa ajili yake na jaribio limeharibika.

Pili, omba kianzio, si bei yote. Kwa kadi ya shilingi 30,000, kianzio cha 10,000 kinatosha. Mtu aliyetoa elfu kumi Julai amesema neno zito kuliko aliyejaza fomu.

Tatu, kila kianzio kiingie kwenye namba ya klabu. Hakuna mjumbe kupokea mkononi, hakuna "nitumie kwangu nitaipeleka". Klabu zetu zimepoteza imani ya watu hapo kuliko uwanjani.

Nne, kwenye risiti andika tarehe ya kurudisha pesa kama lengo halikufikiwa. Pesa isiguswe hadi tarehe hiyo, hata kama kuna mchezaji mzuri anayeondoka kesho.

Tano, andika kata ya kila mlipaji. Utashangaa. Mtaa uliodhani ni ngome utakuta umetoa watu kumi, na wauza nafaka wa soko moja wametoa sabini.

Lengo unalipataje? Jumlisha mishahara na safari za miezi mitano ya kwanza. Toa mapato ya mlangoni ya Hatua ya 4 kwa miezi hiyo na mikataba iliyosainiwa ya Hatua ya 6. Pengo linalobaki gawanya kwa bei ya kadi. Kama pengo ni milioni 18 na kadi ni elfu 30, unahitaji watu 600. Namba hiyo itangazwe mapema, ibandikwe ukutani, na isibadilishwe katikati ya safari.

## Hatua ya 8: Andika msimu mbaya

Fungua jedwali jipya lenye safu tatu: msimu wa kawaida, msimu wa mvua na vipigo, na msimu ambao mfadhili mkubwa ameondoka Novemba. Kwa safu ya pili tumia hesabu ya ile mechi ya mvua, si wastani. Kwa safu ya tatu futa jina kubwa kuliko yote na utazame kinachobaki.

Kabla ya kusoma matokeo, tazama pia mnashiriki uwanja na nani. Msimu wa 2021/22 Mbeya ilikuwa na Mbeya City, Prisons na Mbeya Kwanza kwenye Ligi Kuu kwa mpigo. Mji mmoja, mfuko mmoja wa shabiki. Ukikuta timu mbili zina mechi za nyumbani ndani ya siku nne, mapato ya ile ya pili yapunguze.

Kigezo changu ni hiki: kwenye safu ya pili, mishahara na safari zilipwe hadi mwisho wa Januari bila harambee. Zikilipwa, mji unaweza. Dirisha dogo la usajili linawakuta mko wima, na mdhamini mpya hupatikana kwa timu iliyo wima. Kwenye safu ya tatu sitegemei faida. Natazama tu kama timu inamaliza msimu ikiwa na wachezaji 18 waliolipwa.

## Kama jibu ni hapana

Mwambie kila aliyechangia, kwa namba zilezile ulizobandika ukutani. Unaweza kubaki Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu, au ligi ya chini yake kwa misimu miwili, ukipunguza safari na kuhesabu kila mechi. Unaweza kuandaa ndondo ya Julai wakati pesa ya mavuno iko mjini, kwa kiingilio kidogo, na kuona kata zipi zinakuja. Usiuze nafasi ya daraja kwa mtu wa mkoa mwingine kabla hujawaeleza waliolipa.

Na rudisha kianzio cha kila mtu, kwa namba ileile ya simu aliyolipia, kabla ya tarehe iliyo kwenye risiti. Gharama ya kutuma ibebwe na klabu. Kisha hifadhi orodha hiyo mahali pawili. Hata ikiwa na majina 240 badala ya 600, ni watu 240 waliotoa hela kwa ajili ya mechi za wageni wa kawaida na wakarudishiwa senti zao zote. Julai nyingine ikifika, wapigie hao kwanza.